Hesabu ya Usiku, Isyonje

Lori lilikuwa linapanda usiku.
Tulilisikia tangu kona ya kwanza likikohoa,
likinyamaza, likikohoa tena,
na mama akawasha koroboi
akaikinga kwa kiganja, maana upepo wa Uporoto
hauna adabu mbele ya moto mdogo.

Dalali alikuwa na tochi. Yake.
Alimulika alipotaka yeye:
usoni mwetu, kwenye kidaftari,
si kwenye magunia.
Lumbesa juu ya lumbesa, viazi vimevimba shingoni
kama shavu la mtoto mwenye jino bovu;
vijana wakabeba, giza nalo likabeba,
na kulipokucha mama alikaa na noti mkononi
akiyatazama matuta matupu.
"Mbona shamba lilikuwa kubwa kuliko pesa hizi?"

Hakumwita mwizi.
Utamwitaje mtu mwizi
kwa kitu ambacho hukukiona?

Mwaka ule tuliuza nguruwe wa Krismasi.
Fundi Ambakisye alipanda na pikipiki kutoka Mwanjelwa,
sola imeviringishwa blanketi, imefungwa nyuma yake
kama mgonjwa anayewahishwa hospitali.
Haikuzidi mlango wa kabati.
Taa nne, betri moja,
na deni la kila wiki, kulipia kwa simu:
ukichelewa, zinazima zenyewe
bila hata kukusemesha.

Bibi Syabumi aliuliza,
"Na jua lenyewe likiugua, kama hili letu la Juni?"
Lilikuwa swali la haki.
Kuna siku ukungu ulilala juu ya bati hadi saa tisa,
taa zikafanya kazi saa moja tu,
zikawa njano, zikaturudishia giza letu la zamani.
Kuna wiki mbili tulishindwa kulipa.
Koroboi ilishushwa darini
na hakuna aliyecheka.

Mimi nilipewa ngazi na kitambaa.
Kila alfajiri nafuta umande ulioganda,
vidole vinakufa ganzi kimoja kimoja.
"Taratibu," mama anapaza sauti toka jikoni,
"kama unamnawisha mtoto."

Nilianza kuona mabadiliko puani kwa Gwamaka.
Mdogo wangu alipenga kamasi asubuhi, likatoka jeupe;
akalileta kutuonyesha, amefurahi, masizi hakuna.
Halafu majirani wakaleta simu zao,
shilingi mia tatu kuchaji moja,
zikapangwa kabatini kama vifaranga
na kulipia deni zikalilipia.
Halafu kwa kina Mwakatobe wakaweka.
Halafu kwa mwalimu, kwa mganga wa mifupa,
kwa yule aliyetucheka kuhusu nguruwe.
Nilikuwa nahesabu nyumba zenye taa.
Siku hizi nahesabu zisizo nazo, ni rahisi zaidi:
zimebaki tatu.

Kisha lori likapanda.
Kona ya kwanza. Likakohoa.
Mama hakusema neno, alifunga kanga kiunoni,
akaenda ukutani, akabonyeza.

Uwanja wote ukatokea kwa mpigo:
jembe, beseni, kinyesi cha kuku,
magunia yamesimama mstari, kila moja na kivuli chake,
na dalali katikati, tochi ikiwaka mkononi
bila kazi.
Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

Mama alihesabu kwa Kinyakyusa, akigusa kila gunia.
Akarudia kwa Kiswahili, ili mgeni asipate taabu.
Arobaini na moja.
Kidaftari kilisema thelathini na saba.

"Labda hii taa yako ina kasoro, mama."
"Taa haijui hesabu, baba,
yenyewe inaonyesha tu."

Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi.
Nilisikia tochi ikizimwa, *tak*.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ngazi inateleza.
Nilipofika juu na kitambaa changu
mama alitoka nje, noti ziko bado kwenye pindo la kanga,
akanitazama kwa muda.
"Leo," akasema, "futa mara mbili."